Fungua, Ni Mimi

Kama juma lililopita gazeti lenye mwanzo wa kisa hiki lilikupita, usihangaike kuliazima. Mume wangu ndiye nyapara wa kazi ya kuigeuza ile Ofisi ya Ardhi ya zamani kuwa hoteli. Mimi napiga lipu hapo hapo, chini yake. Mdogo wangu Njiti anabomoa kuta hapo hapo, naye chini yake.

Jumapili mume wangu alinipiga ngumi ya jicho tukiwa nyumbani. Jumatatu Njiti akaliona lile jicho kazini, akamfuata mbele ya mafundi wote, wakakunjana mashati. Mume wangu akampiga begani na pima maji, ile rula ya chuma ya mafundi, akamwambia, "Nitakuzika humu humu ndani."

Kila mtu alisikia. Neno hilo ndilo lililotumaliza.

Njiti, kwa asiyemjua, alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mama alimlea kifuani kama kifaranga, akaitwa Njiti. Sasa ni mtu mzima mwenye mabega ya mlango, lakini jina limegoma kukua naye.

Jumanne asubuhi nilikuwa ghorofani, katika chumba kilichokuwa cha mkurugenzi na ambacho Tajiri mwenye hoteli anataka kiwe cha maharusi. Nilikuwa naziba nyufa chini ya dirisha, jicho moja linaona, la pili limejifunga lenyewe. Serikali iliachia jengo lile kwa sharti kwamba sura ya nje isiguswe hata kwa msumari. Basi uso tuliuacha, tukawa tunatoa matumbo.

Chini yangu kulikuwa na ukumbi wa foleni. Ukuta mrefu wenye vidirisha, na mbele yake kaunta ya mbao nene ambayo viwiko vya wenye kudai viwanja vimeing'arisha miaka na miaka. Ukuta ulitakiwa uondoke, pawe ukumbi wa chakula. Kaunta ibaki, iwe baa.

Nikasikia sakafu inaguna. Halafu mshindo, kama lori limemwaga mawe sebuleni. Vumbi likawahi kupanda ngazi kabla mimi sijafika mlangoni.

Nilishuka kwa kupapasa. Ukumbini hapakuonekana kitu. Watu wanakohoa, na mmoja anarudia maneno yale yale, "Njiti yuko chini. Njiti yuko chini."

Vumbi lilipopungua nikaona kifusi kimefika usawa wa kiuno. Nyundo kubwa ya Njiti ilikuwa juu yake, mpini umekatika. Na pembeni, amejishika ubavu, mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi viatu, alisimama mume wangu.

Hakuna mwingine aliyekuwa karibu na ukuta. Wao wawili tu.

"Umemfanya nini?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, kipande cha tofali kikamfika kwenye meno.

Aliyerusha ni fundi wa nondo, rafiki wa Njiti. "Jana ulisema utamzika," akamwambia. "Haya, umemzika."

Baada ya hapo sikuhesabu nani alimpiga na nani hakumpiga. Mmoja alimpiga chepe la mgongo. Mwingine alimvuta shati likabaki mkononi. Mume wangu alianguka, akatambaa, akatema damu yenye kitu cheupe ndani yake. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kifusi na kusema jambo, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na kila alipojaribu wakamwongeza.

Mimi nilisimama. Mwiko wangu ulikuwa bado mkononi. Sikusema acheni.

Mwisho akapata upenyo, akakimbia kwenye korido. Kule mwisho kuna chumba cha ramani, chenye mlango wa chuma ambao waliotangulia waliuweka kwa kuogopa moto na wezi. Tajiri alikataza usibomolewe, anataka kuhifadhia mvinyo. Mume wangu akaingia, akajifungia kwa komeo la ndani.

Mafundi waliupiga ule mlango kwa nyundo. Ulikuwa unawajibu kama kengele ya shule. Mikono ikawauma, wakaacha.

"Ataivia humo," fundi wa nondo akasema.

Wakarudi kwenye kifusi, wakaanza kufukua kwa mikono. Hapo Injinia akaingia anakimbia, akatazama dari, akatufukuza wote. Boriti mbili za juu zilikuwa zimepasuka. Akasema tukiendelea kuchokoa, ghorofa nzima itatulalia. Anakwenda kuleta majeki na waokoaji na polisi, asiguse mtu tofali. Akaingia kwenye gari, akaondoka.

Nikapiga magoti pembeni ya kifusi. "Njiti," nikaita. "Njiti, baba." Nilikuwa namwita baba tangu mdogo, kwa kuwa ana jina la marehemu baba yetu. Kifusi hakikunijibu.

Ndipo nikatoa simu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijawahi kumwambia mtu, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika kisa hiki.

Nilimpigia kaka yetu mkubwa. Kaka ni mtu wa bucha. Baba alipofariki aliacha shule, akaenda kuosha utumbo wa ng'ombe kwenye bucha la mtu ili sisi tule, na Njiti alikulia mgongoni kwake. Si msemaji. Wateja wake hulalamika kwamba hata salamu yake hupimwa kwenye mizani.

"Kaka, Njiti ameuawa."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Amejifungia kazini."

"Nakuja."

Basi. Ningeweza kusema Njiti ameangukiwa na ukuta. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, na ndiyo yaliyokuwa ya kweli kwa kadiri nilivyojua. Nilichagua yale mengine.

Alifika na pikipiki, aproni yake ya kazi ikiwa bado kiunoni, na kisu cha kuchunia kimechomekwa kwenye mkanda kama kawaida yake akiwa kazini. Mlinzi wa geti alimwangalia mara moja, akampisha.

Kaka akaenda moja kwa moja kwenye kifusi. Akaweka kiganja juu ya matofali, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akageuka, akaniona uso.

"Na hilo jicho?"

"Huyo huyo."

"Ni mara ya kwanza?"

Nikainamisha uso. Akaelewa.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini, kaka?"

Akauliza mlango uko upande gani.

Tulikwenda wawili. Mafundi walitupa njia, wakabaki nyuma, maana kila mmoja alijua kinachokwenda kutokea na hakuna aliyetaka kukiona kwa macho yake. Mlangoni Kaka akajibanza ukutani, upande ambao mlango ukifunguka asionekane. Akaninong'oneza, "Mwite."

Nikaita. "Baba watoto."

Halafu nikasikia kitu kinajikokota sakafuni, kinasogea.

"Uko na nani?" Sauti yake ilikuwa imelowa, maneno yamepoteza kingo.

"Peke yangu."

"Wenzio?"

"Injinia amewatoa nje wote."

"Kweli?"

"Fungua, ni mimi. Nimekuletea maji."

Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa laini. Sauti hiyo sikuwa nimemsemesha nayo tangu siku nyingi. Ndiyo niliyokuwa nikimwamshia asubuhi tulipokuwa wapya.

Kisha akasema, kwa taabu, "Njiti... kaa... kaa..."

Nikasikia kaa. Nikadhani anasema Njiti akae huko huko alikolala, amekwisha, asisumbuliwe. Damu ikanipanda hadi masikioni. Usinielewe vibaya. Katika hasira ile Njiti alikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa yangu mwenyewe, ya jicho hili, na ya mkono wangu aliouvunja mwaka juzi nikawaambia watu nimeteleza bafuni.

"Fungua kwanza," nikamwambia. "Utaniambia ukishakunywa."

Nikalisikia komeo linasogea. Lilikuwa zito, lenye kutu, lilichukua muda. Muda ule ulinitosha kabisa kusema usifungue.

Mlango ukafunguka. Akaniona mimi. Mabega yakamshuka, kama mtu aliyefika kwake salama. Akaangalia mikono yangu, nadhani alikuwa anatafuta maji.

Kaka akatoka ukutani.

Pigo la kwanza mume wangu alilikinga kwa mkono, likafungua nyama kuanzia kiwiko hadi kifundo. La pili likaingia ubavuni, chini ya mbavu. Kaka hakutukana, hakupayuka. Alikuwa anafanya kazi anayoijua, na hilo ndilo lililonitisha kuliko damu. Mume wangu akashika fremu ya mlango kwa mkono uliobaki. Hakumwangalia Kaka hata kidogo. Aliniangalia mimi.

Kisha akateleza chini, akaangukia marundo ya ramani za zamani, karatasi zikaanza kunywa.

Kaka akainama juu yake, akainua kisu mara ya tatu.

Sauti ikapazwa kutoka ukumbini. "Anagonga. Jamani, kuna mtu anagonga huku."

Mkono wa Kaka ukabaki hewani. Sote wawili tukasikia. Ko, ko, ko. Mbao, chini ya mawe. Ikanyamaza, ikaanza tena.

Nikamtoa Kaka kisu mkononi. Hakukishikilia. Akakimbia, nami nyuma yake, kisu nimekichomeka kiunoni, mume wangu tukamwacha pale alipo.

Hakuna aliyekumbuka boriti wala Injinia. Watu kumi walikuwa juu ya kifusi, na Kaka alikuwa wa kumi na moja. Alivuta matofali kwa kucha. Tukapitisha vipande mkono kwa mkono hadi mlangoni. Kwanza ikatokea mbao, imepinda katikati, imepasuka, lakini imesimama. Ilikuwa ile kaunta. Fundi wa nondo akalala kifudifudi, akachungulia, akaanza kulia kama mtoto.

Tulimtoa Njiti kwa kumvuta makwapa. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea kusikostahili. Alikuwa na vumbi hadi ndani ya kope. Tulimmwagia maji usoni, akakohoa sana, akatapika matope. Kaka alimpakata, anamfuta kwa aproni, anamchafua kwa damu ambayo si yake.

Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Shemeji ametoka?"

Kaka akaacha kumfuta.

"Shemeji," akarudia. "Nyapara. Ametoka?"

"Yupo," nikasema.

"Alinisukuma chini ya kaunta." Alikuwa anapumua kwa vipande. "Kosa ni langu, dada. Niliamka nimekasirika. Aliniambia ukuta huu usiguswe mpaka uegemezwe, nikamjibu kwamba leo hanipangii. Nikaupiga. Akanifuata kunivuta, ukuta ukawa unakuja. Akanisukuma chini ya kaunta kwanza, ndipo naye akaruka. Aliumia?"

Kaa. Kaunta.

Kaka aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama na upande wa pili. Kisha akamlaza Njiti taratibu, akakaa juu ya kifusi kama mzigo ulioshushwa.

Nilirudi kwenye chumba cha ramani mbio. Mume wangu alikuwa hai. Alikuwa amejikunja, mkono umeshika ubavu, damu inapita kati ya vidole. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakikandamiza pale, kwa nguvu zangu zote.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Swali la kipumbavu. Alikuwa amesema, kwa mdomo, kwa kidole, na mbele ya mlango ule nilimkatiza mwenyewe.

Akanitazama muda mrefu.

"Maji," akasema.

Sikuwa na maji.

Wenye majeki walichelewa. Walioanza kufika ni polisi, watatu, wakiongozwa na sajenti mwanamke, Injinia nyuma yao anawafuata kama aliyeitwa mashtakani. Alipoona kifusi kimefukuliwa akashika kichwa. Alipomwona Njiti yuko hai akakiachia. Alipoona mafundi wanamleta nyapara kutoka kwenye korido, amelazwa juu ya mlango wa mbao uliong'olewa, akakishika tena.

Sajenti akainama, akafunua kitambaa changu, akakirudisha haraka. "Huyu hakuangukiwa na ukuta," akasema. "Nani amemkata?"

Mafundi wakawa wanasoma sakafu.

"Nimeuliza nani amemkata."

Kaka akaanza kuinuka kutoka kwenye kifusi. Alikuwa na damu hadi viwikoni, lakini kwa mtu wa bucha damu ni sare, na mpaka hapo askari hakuna aliyemtilia maanani. Nilimwona anavuta pumzi. Nilimjua kaka yangu. Hakuwahi kusema uongo hata kwenye uzito wa maini.

Nikafikiri kwa haraka, kama mtu anayeokota vitu nyumba ikiungua. Mama yuko kwa Kaka. Wanangu, sikukuu na msiba, hula kwa Kaka. Njiti na mguu ule atakwenda wapi kama si kwa Kaka. Na mlango ule ulifunguliwa na sauti ya nani.

"Ni mimi," nikasema.

Sajenti akageuka. Akaniona uso, akashuka hadi kiunoni pangu. Kisu nilikuwa nacho hadi wakati huo. Nilikuwa nimesahau kwamba ninacho.

"Wewe?"

"Mimi. Tazama jicho, afande. Alinipa juzi, nimemrudishia leo."

"Nyamaza," Kaka akasema. "Afande, usimsikilize mdogo wangu. Kisu ni changu, na aliyemkata ni mimi."

"Kisu ni chake, nilikichomoa kwenye mkanda wake," nikasema. "Yeye alikuwa kwenye kifusi anamtafuta mdogo wetu. Waulize hawa."

Sajenti akawaangalia mafundi. Fundi wa nondo alikuwa na chokaa kwenye vidole, ile ile iliyokuwa kwenye kipande cha tofali alichorusha. "Alikuwa kwenye kifusi," akasema. Na mwenzake akasema vile vile. Walikuwa wanasema kweli, ila hawakusema ni saa gani.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," sajenti akasema, "na huwa watu wanakikimbia kisu. Leo ndiyo naona kinagombaniwa." Akapiga goti karibu na ule mlango aliolazwa mume wangu. "Bahati nzuri mwenyewe yupo. Mzee, unanisikia?"

Mume wangu akafumbua macho.

"Usijichoshe. Mkeo anasema ni yeye. Shemeji yako anasema ni yeye. Nipe jina moja tu, tukukimbize hospitali."

Njiti, aliyekuwa anaugulia mguu, akainua kichwa, anatutazama mmoja mmoja bila kuelewa. Injinia aliacha kutazama dari.

Nilijua atamtaja Kaka. Ndiyo haki. Aliyeshika kisu ndiye mkataji, na nilikuwa tayari kubisha hadi sauti inikauke.

Macho ya mume wangu yakatembea. Yakafika kwa Kaka, yakasimama pale, yakampita. Yakanifikia mimi. Akalamba damu kwenye midomo, akaupanga ulimi kati ya yale meno yaliyovunjika, polepole, kama mtu aliyeapa kwamba safari hii hakuna atakayemsikia vibaya.

"Mke wangu," akasema. "Ni mke wangu."

Kaka akapiga hatua mbele. Askari wawili wakamzuia kifuani.

Sajenti alikichukua kisu kwa leso, akaniambia nigeuke, nilete mikono nyuma. Nikageuka. Nilikuwa natazama vile vidirisha viwili vya foleni vilivyobaki kwenye kipande cha ukuta kisichoanguka, pingu zinanibana, niliposikia mume wangu anaongeza neno jingine nyuma yangu, dogo, na sajenti anamwinamia, anamwomba alirudie.

Itaendelea juma lijalo.